Mchanga wa Baraka

Ninyi vijana wa machimboni, na ninyi wazazi mnaowangojea nyumbani, leo nataka tuende pamoja kando ya ziwa.

Mimi ni mtu wa Bibokoboko, mtu wa mlima, wa baridi na ng'ombe. Kwetu anayekaa bila kazi ni mvivu, basi. Siku ya soko tulikuwa tunateremka Baraka, tunanunua chumvi na ndagala, tunapanda tena mbio. Nikiona watu wameketi mchangani jioni, nilisema moyoni: hawa wa ziwani hawana kazi.

Tarehe 11 Septemba 2020, mvua ilijaza mashimo ya dhahabu kule Kamituga, watu makumi wakafa. Mtoto wa dada yangu alikuwa anachimba pale. Siku ile homa ilimzuia kushuka. Baadaye akaja Baraka. Nilipomtembelea, nilimkuta ameketi mchangani anatazama maji tu. Nikamkaripia mbele ya wenzake: "Kijana mzima unakaa kama mzee! Inuka utafute kazi." Hakubisha. Alisema tu, "Mjomba, kule chini ni giza mchana na usiku. Niache kidogo nione maji." Nikaondoka na hasira.

Kumbe Mungu alikuwa ananingoja na mimi. Oktoba 2021 vita vilifika Bibokoboko. Nyumba ziliungua, watu wengi tukakimbilia Baraka. Ng'ombe hakuna, shamba hakuna, usingizi hakuna. Jioni moja yule kijana alinishika mkono: "Mjomba, twende."

Tukaketi. Jua lilizama nyuma yetu, upande wa milima yetu. Ng'ambo ya ghuba, Ubwari ikawa buluu, kisha nyeusi. Watoto walikuwa wanaoga, akina mama wanakusanya ndagala zilizokauka. Mitumbwi ikatoka mmoja mmoja na taa zake, mpaka ziwa likawa kama mji. Mama mmoja alitupa konzi ya ndagala, wala hakuuliza tumetoka wapi. Usiku ule nililala.

Ndugu msomaji, hata mvuvi, mwezi ukiwa mkubwa, taa yake haivuti samaki vizuri. Basi anabaki pwani, anatengeneza wavu, anaongea na watoto. Si mvivu huyo, anajua majira. Na Bwana Yesu, wanafunzi walipokosa hata nafasi ya kula, aliwaita kando wapumzike (Marko 6:31). Baada ya kufufuka aliwangojea pwani, moto umewaka, samaki wako tayari (Yohana 21). Nilihubiri maneno hayo miaka mingi, lakini nilikuwa naona kazi tu ndani yake.

Wewe uliye Misisi au Kamituga, dhahabu imekaa chini ya udongo tangu Mungu aumbe dunia. Itangoja hata Jumapili ipite. Toka shimoni, uone jua, ukae na watu wako. Na wewe mzazi, mtoto akirudi kimya, usifanye kama mimi. Kwanza keti karibu naye.

Nilimwomba yule kijana msamaha palepale mchangani. Mji ule unaitwa Baraka. Miaka mingi nilipita ndani yake na mzigo kichwani, bila kuelewa jina lake.