Dahab: Mahali pa Kumchagua Mwalimu wa Kuzamia

Msafiri atokaye Sharm el-Sheikh kuelekea kaskazini, katika rasi ya Sinai nchini Misri, hupita mwendo wa kilometa zipatazo 90 kati ya milima isiyo na jani wala kivuli. Kisha barabara huteremka, na mbele yake hutokea Ghuba ya Akaba, maji ya buluu iliyokolea, na ng'ambo yake milima ya Saudi Arabia. Hapo ndipo ulipo mji mdogo wa Dahab, jina lisilompa Mswahili taabu yoyote, kwani ni dhahabu ile ile. Wenyeji wake wa asili ni Mabedui wa kabila la Muzeina, waliozoea kuishi kwa uvuvi, mbuzi na ngamia. Sehemu hiyo ya Sinai ilikuwa mikononi mwa Israel tangu vita vya 1967 hadi iliporudishwa kwa Misri mwaka 1982. Siku hizi mji huo unaishi kwa wageni, na wengi wao huja kwa ajili ya jambo moja: kuzama baharini na mtungi wa hewa mgongoni.

Tofauti na kwingineko, Dahab haihitaji mashua. Matumbawe yameota hatua chache tu kutoka ufukweni, na wazamiaji huvaa vifaa vyao kando ya mikahawa, kisha huingia majini kwa miguu yao. Jambo hilo lina faida ambayo wageni wengi hawaitambui, nayo itaelezwa hapa chini.

Wengi wafikao Dahab wamekwisha pata cheti cha kwanza. Cheti hicho hupatikana kwa siku tatu au nne za mafunzo na mbizi nne za baharini, na humruhusu mwenye nacho kushuka hadi mita 18 akiwa pamoja na mwenzake. Mtu huyo ni kama kuruta aliyemaliza mafunzo ya awali: silaha anajua kuishika, lakini hakuna kamanda atakayemtuma doria ya usiku peke yake.

Hatua ifuatayo huitwa mafunzo ya mzamiaji wa juu, na jina hilo limewapotosha wengi. Katika mpango wa PADI, chama kilichoanzishwa Marekani mwaka 1966 na chenye wanafunzi wengi duniani, mafunzo hayo ni mbizi tano tu, na huweza kumalizika kwa siku mbili. Maana yake ni kwamba mtu aliyezama mara tisa katika maisha yake yote huweza kutembea na kadi imwitayo mzamiaji wa juu, akaruhusiwa kushuka mita 30. Si kwamba mafunzo hayo ni mabaya. Mbizi ya kina kirefu na ile ya kutafuta njia kwa dira ni za lazima, na zote mbili zina faida kubwa. Lakini faida hiyo imo mikononi mwa mwalimu. Yuko ampelekaye mwanafunzi mita 30 kama anayempeleka matembezini, wakatazama samaki wakarudi. Na yuko amketishaye kwanza na kalamu na karatasi.

Hesabu yenyewe ni hii. Mtungi wa lita 12 uliojazwa kwa bar 200 una lita 2,400 za hewa. Mtu avutaye lita 20 kwa dakika angeutumia kwa saa mbili akiwa juu ya maji. Katika kina cha mita 10 mgandamizo huwa mara mbili, na katika mita 30 mara nne. Mtungi ule ule ungekwisha kwa nusu saa, na hapo akiba ya kupanda nayo bado haijatengwa. Mwanafunzi ambaye hajawahi kuifanya hesabu hiyo mwenyewe hajafundishwa, hata awe na kadi tano mfukoni.

Basi mwalimu huyo hujulikanaje? Hapa ndipo ufukwe wa Dahab unapomsaidia mgeni. Karibu na mahali paitwapo Mnara wa Taa, walimu hufundisha mbele ya macho ya watu tangu asubuhi. Mtu mwenye busara huagiza chai, huketi, na hutazama siku nzima kabla ya kulipa hata senti moja. Atazame ni wanafunzi wangapi wanaomfuata mwalimu mmoja. Kanuni huruhusu hata wanane, lakini walimu waangalifu huchukua wawili, watatu, wanne. Atazame kama vifaa hukaguliwa na kila mtu pamoja na mwenzake, au mwalimu huvivuta mikanda haraka haraka na kusema twende. Akiwa na miwani ya maji, aogelee juu yao na kuangalia chini: wanafunzi wa mwalimu mzuri huelea pasipo kugusa kitu, na wa mwalimu mbaya hupiga magoti juu ya matumbawe na kutifua mchanga.

Wamisri humwita mwalimu wa michezo "kapteni", hata kama hana nyota begani. Mgeni asione haya kumhoji kapteni huyo. Yapo mashirika yanayomruhusu mtu kufanya mtihani wa ualimu akiwa na mbizi 100 tu, kwa hiyo kadi ya ualimu peke yake haithibitishi uzoefu. Aulizwe amefundisha miaka mingapi, na ni lini alipomwambia mwanafunzi kwamba hajafaulu. Asiyewahi kumkatalia yeyote anauza kadi. Tena mwalimu wa kweli naye huhoji: huomba kuona daftari la mbizi, na huzama kwanza na mwanafunzi mahali pepesi kabla ya kumpangia lolote.

Baada ya hapo mafunzo huchaguliwa kwa kufuata kazi iliyoko mbele. Chukua mfano wa meli ya Thistlegorm, ambayo askari yeyote angependa kuiona. Meli hiyo ya Waingereza iliondoka Glasgow mwaka 1941, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema na kupanda pwani ya mashariki ya Afrika, ikiwapelekea wanajeshi walioko Misri malori, pikipiki, bunduki, risasi na injini mbili za gari moshi. Usiku wa tarehe 6 Oktoba 1941 ndege za Wajerumani ziliilipua ikiwa imetia nanga, na watu tisa wakafa. Hadi leo imelala katika kina cha mita 30 hivi, na pikipiki zingali zimepangwa ghalani. Boti za kwenda huko huondoka Sharm kabla ya alfajiri. Aendaye huko ahitaji kuzoea kina na mikondo, na humfaa mafunzo ya hewa iliyoongezwa oksijeni hadi asilimia 32, ambayo humpa muda mrefu zaidi chini. Lakini hewa hiyo hugeuka sumu mtu akipita mita 34 hivi, na kwa sababu hiyo hufundishwa kuupima mtungi wake mwenyewe, kama askari asivyopokea bunduki bila kuikagua.

Kwa askari na polisi wa majini, mafunzo ya uokoaji yanapita yote hayo kwa thamani. Humo mtu hujifunza kumtambua mwenzake aliyeanza kuingiwa na hofu na kumtuliza kabla hajapanda mbio, na pia kumpandisha aliyezimia. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria, Septemba 2018, zaidi ya watu 220 walipoteza maisha. Hata hivyo, siku mbili baadaye wazamiaji walimtoa mtu mmoja akiwa hai ndani ya chombo hicho.

Jambo jingine dogo, ambalo limewaponza wageni: Sinai una mlima wa Jebel Musa, wenye mita 2,285, na watalii hupenda kuupanda usiku. Aliyezama mchana asithubutu kuupanda siku hiyo, kwani naitrojeni iliyobaki mwilini hufanya mapovu mtu apandapo juu. Kwa ndege, aliyezama mara kadhaa hushauriwa angoje angalau saa 18.

Kaskazini ya mji, kilometa chache, lipo Shimo la Buluu. Ni shimo la duara ndani ya mwamba, lenye kina kipatacho mita 100. Katika mita 55 hivi kuna tao linalotokea bahari kuu. Maji ni maangavu mno, na mwanga upitao kwenye tao huonekana u karibu, kumbe njia yenyewe ni mita zipatazo 26. Katika kina hicho hewa huliwa zaidi ya mara sita, na naitrojeni hulevya kama pombe, hivyo mtu hujiona hodari wakati akili imekwisha mtoka. Wengi waliofia hapo walikuwa na vyeti. Wengine walikuwa walimu.

Majina yao yamechongwa kwenye vibao vilivyobandikwa ukutani mwa jabali, kando ya njia ya kwenda majini. Kila asubuhi wanafunzi hukipita kibao kimoja baada ya kingine, mitungi ikiwa mgongoni. Wapo walimu wanaosimama hapo na kuwaacha wanafunzi wasome kwa muda wautakao, ndipo waanze kukagua vifaa.