Munich: Mji Ambamo Woga Ulikula Roho

Ndugu msomaji, ikiwa siku moja safari itakufikisha Munich, mji mkuu wa jimbo la Bavaria kusini mwa Ujerumani, wenyeji hawatakosa cha kukuonyesha. Watakupeleka Marienplatz, katikati ya mji, uinue macho uitazame minara miwili ya kanisa la Frauenkirche. Watakuvusha mto Isar, na watakuonyesha uwanja uliojengwa kwa ajili ya michezo ya Olimpiki ya mwaka 1972. Jua likiwaka watakuketisha bustanini, chini ya miti, penye meza ndefu za kunywea bia. Yote hayo ni mazuri, na mgeni hana budi kuyaona.

Hata hivyo ipo Munich nyingine, ambayo watalii hawapelekwi kuiona. Ni Munich ya baa ndogo za vichochoroni, ya ngazi za nyumba za kupanga, ya gereji na ya wodi za hospitali. Munich hiyo imehifadhiwa katika sinema moja iliyotengenezwa mwaka 1973 kwa fedha kidogo na kwa muda wa siku 15 tu. Mwongozaji wake, Rainer Werner Fassbinder, alikuwa kijana wa miaka 28. Nakukaribisha tuutembee mji huo kwa kufuata nyayo za watu wawili wa sinema hiyo, ili tuone jinsi mji unavyoweza kuwakutanisha wapweke na jinsi unavyoweza kuwatenganisha.

Jina la sinema kwa Kijerumani ni Angst essen Seele auf. Jina hilo lina kosa la sarufi, na kosa limewekwa makusudi, kwani ndivyo asemavyo mgeni aliyejifunza lugha kazini bila mwalimu. Kwa Kiswahili ni kama mtu aseme "Woga kula roho", pale ambapo mwenyeji angesema "Woga hula roho".

Tuanzie katika stesheni kuu ya reli, kwenye jukwaa namba 11. Baada ya vita vya pili vya dunia viwanda vya Ujerumani Magharibi vilikua upesi kuliko idadi ya mikono iliyokuwapo. Serikali ikatia sahihi mikataba ya kuajiri watu kutoka nje: Italia mwaka 1955, Hispania na Ugiriki mwaka 1960, Uturuki mwaka 1961, Morocco mwaka 1963, na nchi nyingine zikafuata. Treni zilizotoka kusini ziliwashusha maelfu ya wafanyakazi katika jukwaa hilo. Chini yake palikuwa na handaki lililojengwa wakati wa vita ili kuwakinga watu na mabomu. Humo ndimo wageni walimopewa chakula cha moto, wakaitwa majina, wakagawanywa kwa waajiri, kisha wakapandishwa treni nyingine. Basi paa la kwanza la Ujerumani walilokaa chini yake lilikuwa ndani ya ardhi.

Walipewa jina la "wafanyakazi wageni", na maana yake haikufichwa: mgeni huja, hufanya kazi, kisha hurudi kwao. Kufikia mwaka 1973 walikuwa kama milioni 2.6 katika Ujerumani Magharibi. Novemba mwaka huo, mafuta yalipopanda bei na uchumi ukayumba, serikali ilisimamisha uajiri. Sinema yetu ilipigwa picha mwaka huohuo. Tena ulikuwa umepita mwaka mmoja tu tangu Septemba 1972, wanariadha na walimu 11 wa Israeli walipouawa baada ya kutekwa na Wapalestina katika michezo ya Olimpiki mjini humo. Tangu siku hiyo kila Mwarabu katika mitaa ya Munich alitazamwa kwa jicho la shaka, hata yule ambaye silaha yake pekee ilikuwa spana.

Ukitoka stesheni na kushika njia ya kusini, utaingia mitaa ya Goethestrasse na Landwehrstrasse. Siku hizi maduka ya huko yana maandishi ya Kituruki na ya Kiarabu, na harufu ya nyama ya kuchoma hukufuata barabarani. Baa ya kwenye sinema ni ya aina inayofaa mitaa kama hii. Usiku mmoja wa mvua anaingia humo mwanamke mnene, mfupi, mwenye umri wa miaka kama 60. Jina lake Emmi Kurowski, mjane, kazi yake kusafisha majengo. Mara nyingi amepita nje akasikia muziki wa kigeni. Leo mvua imempa kisingizio. Anaagiza soda, anakaa karibu na mlango. Wateja wote wanageuka kumtazama.

Katika kaunta yupo fundi wa magari kutoka Morocco, aliyemzidi Emmi kwa nguvu na aliyezidiwa naye kwa miaka kama 20. Watu humwita Ali. Jina lake halisi ni refu zaidi, lakini katika mji ule kila Mwarabu ni Ali. Analala na wenzake watano katika chumba kimoja. Msichana mmoja, kwa kumdhihaki yule mama, anamwambia Ali akacheze naye dansi. Ali anakwenda, wanacheza polepole, na katika kucheza wanazungumza. Kisha anamsindikiza nyumbani, mvua haikomi, na Emmi anamkaribisha kahawa. Mzaha wa mtu mwingine ndio uliofungua mlango wa mapenzi yao.

Usidhani, msomaji, kwamba hawa ni malaika. Emmi katika ujana wake alikuwa mwanachama wa chama cha Hitler, na hulisema jambo hilo bila kusitasita, kama mtu anayetaja shule aliyosoma. Ali ni mlevi, mpenda karata, na akiudhika hunyamaza badala ya kusema. Kilichowaunganisha ni kwamba kila mmoja amekaa muda mrefu bila mtu wa kumuuliza habari za siku yake.

Sasa panda nami ngazi za nyumba ya Emmi. Nyumba hizo zenye wapangaji wengi zina ngazi moja ya wote, na katika ngazi hiyo hakuna siri. Majirani wanamwona mwanamume mweusi, wanaanza kunong'ona kwamba nyumba imechafuka. Anakuja mtoto wa mwenye nyumba, kijana mwenye adabu, kumkumbusha Emmi kwamba mkataba haumruhusu kumpangisha mtu mwingine chumba. Kwa kubabaika Emmi anajibu kwamba huyu si mpangaji, bali ni mchumba wake. Ali anapoelezwa uongo huo anaona ni wazo jema. Wanafunga ndoa bomani, bila ndugu wala rafiki.

Karamu yao walikula katika mtaa wa Schellingstrasse, katika mkahawa uitwao Osteria Italiana. Mkahawa huo ni wa kweli. Zamani uliitwa Osteria Bavaria, na Hitler alikuwa akila humo kabla hajatwaa madaraka. Emmi anamweleza mumewe habari hiyo kwa fahari, kwani siku zote alitamani kuingia humo. Wakaletewa orodha ya vyakula wasivyovijua majina, mhudumu akawasimamia kama askari, na wao wakakaa katika ukumbi mtupu wakiogopa kukosea. Mwarabu na mke wake msafisha majengo wanakula mahali alipokula mtu aliyetaka kuwafuta duniani watu wasiofanana naye. Na bibi arusi hauoni mkasa huo.

Baada ya harusi mji ulifunga milango. Emmi alipowaita watoto wake wakubwa awajulishe kwa mume wake, mmoja aliinuka akaipasua televisheni kwa teke, na wote wakaondoka. Mwenye duka la vyakula alijifanya haelewi Kijerumani cha Ali, akakataa kumuuzia. Kazini, wasafishaji wenzake Emmi, wanawake aliozoea kula nao mkate penye ngazi wakati wa mapumziko, walisogea wakamwacha peke yake. Na katika bustani ya bia, kama ile uliyokaribishwa mwanzoni mwa safari yetu, mume na mke wameketi katikati ya viti vya manjano vilivyo vitupu, wahudumu wamejipanga mbali wakiwakodolea macho. Hapo Emmi analia. Anatamani wangekuwa wao wawili tu duniani, bila jicho la mtu.

Wakaenda mapumziko mbali na mji. Waliporudi, mambo yalikuwa yamegeuka. Majirani walikuwa wapole, kwa sababu walitaka kutumia nafasi ya Emmi katika stoo ya chini. Mwenye duka alimsalimu kwa tabasamu, kwa kuwa wateja walikuwa wakimkimbia kwenda maduka makubwa. Mtoto aliyevunja televisheni alileta hundi ya kuilipia, kisha akaomba mama amsaidie kulea mtoto. Hakuna aliyetubu, kila mmoja alikuwa na haja yake.

Msomaji wa haraka angedhani hadithi imekwisha kwa heri. La hasha! Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wakati adui alipokuwa nje, mume na mke walishikana mikono. Adui alipoondoka mlangoni, yale yaliyokuwa ndani yao yakajitokeza. Emmi, kwa furaha ya kukubaliwa tena, anawaita wenzake wa kazini nyumbani, anawaonyesha mume wake, nao wanampapasa misuli kama wanunuzi sokoni. Ali akiomba kuskusi, chakula cha kwao, Emmi anamjibu kwamba yeye hapendi kuskusi, na kwamba ni wakati Ali azoee mambo ya Kijerumani. Ali anaondoka bila neno, anakwenda kwa mwanamke mwenye baa, ambaye anajua kupika kuskusi, na huko analala. Emmi anapomfuata gereji, mafundi wenzake wanauliza kwa kicheko kama huyo ni bibi yake kutoka Morocco. Naye Ali hamtetei.

Lipo jambo dogo kuliko hayo yote ambalo mimi naliona ndilo kiini. Kazini ameajiriwa msafishaji mpya, mwanamke kutoka Yugoslavia, ambaye mshahara wake uko chini ya wa wenzake. Wakati wa mapumziko wanawake wa Kijerumani wanasogea pamoja, wanashauriana jinsi ya kudai nyongeza, na yule mgeni wanamwacha kwenye ngazi peke yake, mahali palepale alipoachwa Emmi. Na Emmi amekaa pamoja nao. Aliyeonja uchungu wa kutengwa sasa anasaidia kutenga. Waajiri hawakuwapo pale kuwaamuru. Wafanyakazi wenyewe wamegawanyika.

Mwishoni Emmi anarudi baa ileile. Wimbo uleule unapigwa, wanacheza tena. Anamwambia Ali kwamba anajua umri wake, kwamba hamfungi, ila wanapokuwa pamoja sharti wafanyiane wema. Wakiwa katikati ya dansi Ali anaanguka akiugulia. Hospitalini daktari anaeleza kwamba ni vidonda vya tumbo, ugonjwa unaowapata wafanyakazi wageni wengi kwa ajili ya dhiki ya maisha yao. Atapasuliwa, naye baada ya nusu mwaka atarudi tena. Emmi anakaa kando ya kitanda, anaushika mkono wa mume wake. Woga ulikuwa ukila kweli, na ulianzia tumboni.

Mwezi Mei 1974 sinema hiyo ilipewa tuzo ya waandishi wa sinema wa kimataifa huko Cannes, Ufaransa. Brigitte Mira, aliyeigiza Emmi, aliishi hadi mwaka 2005. El Hedi ben Salem, Mmorocco aliyeigiza Ali na aliyekuwa mpenzi wa Fassbinder, alifariki katika gereza la Ufaransa mwaka 1977. Fassbinder mwenyewe alifariki Munich mwaka 1982, akiwa na miaka 37, na filamu yake ya mwisho aliitoa kwa kumbukumbu ya urafiki wake na Salem. Watu waliotengeneza hadithi hii waliujua upweke kwa kuuishi.

Ukifika Munich, basi, yaone makanisa na bustani, kisha simama kidogo katika jukwaa namba 11. Kati ya watu kama milioni 14 waliokuja Ujerumani Magharibi kufanya kazi kati ya mwaka 1955 na 1973, wapatao milioni 11 walirudi kwao. Waliobaki walizaa, wakazeeka, na wajukuu wao ni wenyeji wa mji huo leo.

Nawe unayeishi mjini, katika nyumba yenye wapangaji wengi, sinema hii haikuombi uwahurumie Emmi na Ali kutoka mbali. Inakuuliza mambo mawili. Mgeni anapopanda ngazi ya nyumba yenu, jicho lako linamwambia nini? Na yule uliye naye ndani, lini mara ya mwisho ulimpikia kile anachokipenda yeye?