Niliita Mmoja, Wakaja Tisa

Mjomba wangu ana mashine ya kukamua alizeti Haneti. Kama hupajui, ni huku huku Wilaya ya Chamwino, kaskazini mwa Dodoma mjini. Wenzetu wanaosoma miamba wanapajua kuliko sisi wa CIVE, kwa sababu ya mawe ya kijani yanayoitwa krisoprasi na zile habari za kutafuta nikeli. Mimi napajua kwa alizeti, vumbi, na aibu niliyoipata Oktoba 2023.

Kwa mjomba mambo yote yalikuwa kwenye kaunta buku. Watu wakivuna wanaleta magunia. Wengine wanakamua siku hiyo hiyo, wanabeba mafuta yao, mashudu wanamwachia mjomba kama malipo. Wengine wanaacha magunia stoo wakisubiri bei ipande, halafu wanakuja kuuza mvua zikikaribia, maana hapo ndipo hela ya mbegu inapotakiwa. Huyu wa stoo hana risiti. Ana mstari wake mmoja kwenye kaunta buku: jina, tarehe, idadi ya magunia, na kidole gumba kama haandiki. Mstari ukipotea, magunia yamepotea.

Basi likizo ya Julai nikafika pale na laptopu yangu na kiburi cha mwaka wa pili. Nikaiona ile kaunta buku, madoa ya mafuta kila ukurasa, jalada limeshonwa kwa uzi wa gunia, nikajisemea: projekti hii hapa. Siku kumi nikawa nimemaliza programu ya stoo. Niliiandika kwa Python, juu ya Flask, kwa hiyo inafunguka kwenye kivinjari kama tovuti, ina vitufe vya kijani, ina ukurasa wa ripoti. Kwa nini programu ya mtu mmoja, kwenye kompyuta moja isiyo na intaneti, iwe tovuti? Ukweli ni kwamba ingependeza kwenye ripoti yangu ya chuo. Mjomba hakuomba vitufe vya kijani.

Kompyuta yenyewe ni ya mezani, ya Windows 7, ya biti 32, aliinunua mtumba. Toleo la mwisho la Python linalokubali Windows 7 ni 3.8, nikalisakinisha hilo. Kisha nikamwachia binamu yangu, mtoto wa mjomba, flashi yenye kila kitu na karatasi ya maelekezo niliyoiandika kwa mkono. Nikawaambia kitu ambacho hadi leo kikinijia usiku najifunika shuka: "Kaunta buku sasa mnaweza kuiacha."

Wakaiacha.

Mwishoni mwa Septemba kompyuta ikaingia virusi. Fundi mmoja wa mjini akaifuta yote, akaweka Windows upya. Binamu hakutishika, data alikuwa anaihifadhi kwenye flashi kila Jumamosi kama nilivyomwambia, na karatasi ya maelekezo alikuwa nayo. Akaunga simu yake kwa hotispoti, akafuata hatua moja baada ya nyingine. Vifurushi vikashuka (vifurushi vya programu nasema, vile vingine vya vocha sisi tunaviita bando, na hapo viliisha vyote viwili kwa pamoja). Akawasha. Skrini nyeusi ikamjibu kwa Kiingereza kirefu. Akanipigia akinisomea herufi moja moja: "Inasema kanoti impoti nemu, halafu yu, aa, eli, kistari cha chini, koti."

Nikaelewa papo hapo, na nikajua kosa ni langu.

Kwenye faili la mahitaji nilikuwa nimeandika mstari mmoja tu: Flask==2.2.2. Zile alama mbili za sawasawa maana yake ni toleo hilo hilo, lisiwe la chini wala la juu. Nilijiona makini sana. Lakini Flask haifanyi kazi peke yake. Inaegemea kifurushi kingine kinaitwa Werkzeug, na kwenye maelezo yake yenyewe Flask 2.2.2 inasema inataka Werkzeug 2.2.2 au jipya zaidi. Hilo "au jipya zaidi" ndilo liliniua. Julai lilishuka toleo la 2.3, kazi ikaenda. Tarehe 30 Septemba 2023 likatoka Werkzeug 3.0, ambalo liliondoa vitu kadhaa vya zamani, kimojawapo hiki url_quote ambacho Flask ya zamani inakiita kabla haijafanya jambo lolote. Binamu alisakinisha siku chache baadaye. Karatasi ilikuwa ile ile, hatua zile zile, ila programu aliyoipata haikuwa ile niliyomwachia mimi.

Ni kama kadi ya harusi. Umemwandikia mgeni kadi ya mtu mmoja, ukahesabu sahani yake. Hukumuuliza anakuja na nani, na hao anaokuja nao wanakuja na nani.

Dawa ilikuwa mstari mmoja, ningeweza kumtajia kwa simu. Nilipoanza, mjomba akachukua simu. Ilikuwa siku ya tatu watu wanakuja stoo na kurudi. "Mpwa wangu," akasema, bila ukali, afadhali angefoka, "mwenzio hataigusa tena hiyo kitu. Njoo mwenyewe."

Nilijiandaa usiku mzima ili Haneti nisihitaji mtandao kabisa. Pip, kile chombo cha Python cha kushusha vifurushi, kinakubali kupakua bila kusakinisha, tena kwa ajili ya kompyuta nyingine. Unakiambia: nataka vya Windows ya biti 32, vya Python 3.8, viweke kwenye folda. Mimi laptopu yangu ni Ubuntu na Python 3.11, lakini kilikubali bila kulalamika. Safari hii nikafunga Flask na Werkzeug vyote viwili kwa matoleo kamili. Asubuhi nikapanda kosta ya Kondoa, folda iko kwenye flashi, flashi iko kwenye soksi.

Nilikuta watu sita kwenye benchi nje ya stoo. Nikawaamkia, mbukwenyi, wakaitikia vizuri tu. Kati yao mama mmoja mtu mzima alikuwa ameleta magunia kumi na nne mwezi wa Agosti, wakati kaunta buku tayari imeachwa. Mjomba anamjua. Anakumbuka alileta. Ila yeye anakumbuka kumi na mbili, mama anasema kumi na nne, na mjomba si mtu wa kulipa kwa kumbukumbu, hata za kwake mwenyewe. Mama hakuwa na maneno mengi. Alisema tu kwamba mbegu anatakiwa kuzilipia wiki hiyo.

Nikachomeka flashi, nikaamuru pip isakinishe kutoka kwenye folda, isiangalie mtandao. Ikakataa. Inataka importlib-metadata, haioni kwenye folda.

Hapa nieleze, maana ndicho nilichokuja kukielewa baadaye na ndicho kinachowakuta wengi. Kifurushi kinaweza kusema: nahitaji kitu fulani, kwa sharti fulani. Flask 2.2.2 inasema inahitaji importlib-metadata endapo Python iko chini ya 3.10. Click, ambayo Flask pia inaiegemea, inasema inahitaji colorama endapo kompyuta ni ya Windows. Nilipopakua usiku ule, pip ilichagua mafaili yanayoendana na kompyuta ya mjomba, sawa. Lakini yale masharti iliyapima kwenye laptopu yangu. Python hapa ni chini ya 3.10? Hapana, ni 3.11. Hapa ni Windows? Hapana, ni Ubuntu. Basi vyote viwili ikaviacha, kimya kimya, na ikaniandikia kwamba imefanikiwa.

Pale stoo sikujua hayo yote. Nilijua tu kwamba imekataa na watu sita wananitazama mgongoni. Mtandao kwa mjomba unapatikana ukipanda jiwe lililoko nyuma ya ghala. Nikapanda na laptopu na simu, nikapakua importlib-metadata, ikaja na mwenzake zipp, nikateremka. Nikajaribu tena. Ikakataa: colorama. Kazi ya colorama ni kupaka maandishi rangi kwenye skrini nyeusi ya Windows, basi. Ni ndogo kuliko picha ya WhatsApp. Na mama wa magunia kumi na nne hawezi kulipwa kwa sababu rangi haipo.

Nikiwa nimesimama, mguu mmoja tayari unaelekea jiweni, ndipo akili ikarudi. Data ya programu yangu ilikuwa faili moja la SQLite. Na Python inakuja na uwezo wa kusoma SQLite ndani yake yenyewe, bila kifurushi chochote. Nikakaa chini tena, nikaandika mistari minne. Orodha yote ikamwagika kwenye skrini, bila kijani, bila vitufe. Jina la mama, tarehe 9 Agosti, gunia 14.

Mjomba akainama akasoma mwenyewe kwa kidole. Kisha akaingia ndani, akatoka na ile kaunta buku iliyoshonwa kwa uzi, akaniwekea mapajani na kalamu. Hakusema neno. Nilinakili watu wote wa Julai hadi Septemba, mmoja mmoja, mpaka saa tisa mchana. Mama alilipwa akaondoka. Colorama nikaifuata jioni, programu ikawaka, na hakuna aliyekuja kuitazama isipokuwa binamu.

Niliporudi chuo niliandika skripti, na hiyo ndiyo kazi ya maana kuliko programu yenyewe. Nilitumia Make, chombo cha zamani kuliko wazazi wa baadhi yetu, Stuart Feldman alikitengeneza Bell Labs mwaka 1976. Unachokiandika humo ni kitu unachotaka, kinategemea nini, na kinatengenezwaje. Mimi nimeandika hivi: flashi inategemea jaribio, jaribio linategemea folda, folda inategemea orodha. Orodha ina vifurushi vyote kwa majina, kila kimoja na toleo lake kamili na alama yake ya sha256, ile namba ndefu inayobadilika hata kama herufi moja ndani ya faili imebadilishwa. Pip nimeinyima ruhusa ya kukisia: ipakue vilivyotajwa tu, isimfuate mgeni wa mtu. Jaribio linafanyika kwenye Windows 7 ya kuigiza ndani ya laptopu yangu, mtandao umezimwa. Likishindwa, flashi haitengenezwi. Nikigusa namba moja kwenye orodha, Make inarudia yote kutoka hapo.

Kuna wanaoniambia nimezidisha, kwa programu ya stoo. Nawajibu kwamba tarehe 22 Machi 2016 mtu mmoja aliondoa kifurushi chake cha mistari 11 tu, left-pad, kwenye ghala la JavaScript la npm, na miradi kibao duniani ikashindwa kujengwa, mingi ya watu ambao hawakuwahi hata kusikia jina hilo. Wao pia walikuwa wameandika mgeni mmoja. Na sisi wa Python tulikuwa na shida yetu ya ziada: kwa miaka mingi kifurushi kilijieleza kwa setup.py, ambayo ni programu, kwa hiyo ili ujue kinahitaji nini ilibidi kwanza ukiendeshe. Sawa na kumpikia mgeni ndipo umuulize kama anakula. Siku hizi kuna pyproject.toml, faili la kusomwa tu, na nashukuru. Ukiwa na projekti ya mwaka wa mwisho na bado unaandika majina bila matoleo, fungua faili lako leo kabla bumu halijaisha, maana kurudia kupakua ni bando.

Desemba nilirudi Haneti. Kwenye flashi, hatua ya kwanza sasa ni ile mistari minne: inachapa orodha ya stoo bila kuhitaji chochote. Vitufe vya kijani vinafuata baadaye, vikipenda. Kaunta buku imerudi mezani, na binamu anaandika kote kuwili.

Kwenye ukurasa wa mwisho wa kaunta buku niliomba nafasi, nikaandika kwa wino: Flask, Werkzeug, Jinja2, MarkupSafe, itsdangerous, click, colorama, importlib-metadata, zipp. Mbele ya kila jina, namba yake. Mjomba akavaa miwani, akashusha kidole kutoka la kwanza hadi la tisa.

"Hawa wa kijiji gani?"

"Si wakulima, mjomba. Ndio waliokwamisha ile siku."

Akaangalia tena safu ya namba. "Na hii ndiyo wanayodaiwa?"