Ruta ni mlango, na mlango una adabu zake



Ndugu zangu, ruta zimeanza kuingia majumbani hapa Ruaha Mbuyuni, hasa msimu wa vitunguu ukienda vizuri. Baada ya Isha wazazi hunifuata na swali moja: "Shekhe, nitamfungiaje mwanangu intaneti bila yeye kujua?" Kufunga ni rahisi. Hilo la "bila yeye kujua" ndilo lililonifanya niandike.

Geuza ruta. Chini kuna karatasi yenye anuani, mara nyingi 192.168.0.1, 192.168.1.1 au 192.168.8.1, na neno la siri la kuingilia kwenye mipangilio. Andika anuani hiyo kwenye simu iliyounganishwa, utaona orodha ya vifaa vyote vilivyomo. Badilisha neno la siri kwanza, maana karatasi ile kijana wako anaisoma vizuri kuliko wewe. Ruta nyingi hukuruhusu kukipangia kila kifaa saa zake.

Wapo waliofunga simu ya mtoto, kesho yake ikarudi hewani. Si uchawi. Ruta huitambua simu kwa namba ya kifaa, na simu za Android kuanzia toleo la 10, na iPhone kuanzia iOS 14, huweza kutumia namba ya kubuni, nayo hubadilika. Afadhali uruhusu vifaa unavyovijua tu, vingine vyote vibaki nje.

Je, kupanga saa ni ukatili? Someni Surat An-Nur, aya ya 58. Allah Amewataka hata watoto wadogo wa ndani waombe ruhusa nyakati tatu: kabla ya Alfajiri, adhuhuri watu wanapopumzika, na baada ya Isha. Aya inayofuata inasema wakishabaleghe waombe ruhusa kama wakubwa. Kwa hiyo nyumba ya Muislamu ina saa zake, na mtoto kuambiwa "saa nne usiku tunafunga" hajaonewa.

Kuna jambo wengi hawalijui. Kumfungia mtu intaneti si lazima kumtoe ndani ya mtandao wa nyumba. Jirani uliyempa neno la siri la waifai anaweza kukosa intaneti na bado akaifikia runinga yako, printa, hata kamera ya uani ikiwa haina ulinzi. Katika Bukhari na Muslim imepokewa habari ya mtu aliyechungulia kwenye tundu la mlango wa Mtume (s.a.w.), naye akabainisha kwamba kuomba ruhusa kumewekwa kwa sababu ya jicho. Mgeni mfungulie waifai ya wageni, ruta nyingi zinayo. Atapata intaneti, na kwa kawaida vifaa vyako hatavifikia. Jirani hukumnyima, na sitara ya nyumba imebaki.

Sasa "bila yeye kujua". Baba mmoja alitaka nimtafutie fundi wa kumsomea meseji za binti yake aliyekwisha baleghe. Nilikataa. Surat Al-Hujurat, aya ya 12, imekataza kupelelezana, na sioni kwamba ubaba unaifuta. Kufunga mlango mbele ya macho ya binti yako ni ulezi. Kumchungulia kwa siri ni jambo jingine. Mwambie saa, mwambie sababu, kisha funga. Mdogo ambaye hajabaleghe, simu yake ikague, lakini naye ajue kwamba unaikagua.

Ukitaka picha chafu zizuiwe nyumba nzima, kwenye sehemu ya DNS weka 1.1.1.3. Ni huduma ya bure ya Cloudflare, ipo tangu 2020. Haikamati kila kitu, na mtoto mwenye laini yenye bando haiguswi na ruta yako hata kidogo. Laini hiyo mara nyingi umeisajili wewe kwa kitambulisho chako, na bando unanunua wewe.

Ambaye mipangilio imemshinda aje Ijumaa baada ya swala na picha ya ile karatasi ya chini. Asiiweke hapa hadharani, ina neno la siri.