Wembe na Kinoo Chake

Wahenga walisema, "Mtoto akililia wembe, mpe." Neno hilo watu hulitaja ili kumwachia mkaidi ajifunze kwa maumivu. Sisi twaona kwamba yuko mtoto mwingine aliliaye wembe kwa haki, naye ni kijana aliyeanza kuota ndevu.

Mpwa wetu alitujia akitaka kuazima wembe wetu wa kukunja, uliofuliwa Solingen katika Ujerumani. Tulimnyima. Kwetu kumnyima ndugu ni aibu, naye alinuna. Lakini tulikuwa na sababu. Tone la damu lisiloonekana kwa macho laweza kubeba virusi vya UKIMWI au vya homa ya ini. Chakula twala sahani moja, lakini wembe ni wa mtu mmoja. Basi tulimtafutia wake, tukaketi naye kumfundisha.

Tangu Mmarekani King C. Gillette apate hati ya kulinda ubunifu wake mwaka 1904, wembe mwembamba umeenea kote. Ukifa makali hutupwa. Wembe wa kukunja hautupwi. Ukitunzwa vema huweza kumzika mwenyewe, ila hudai kinoo na ukanda wa ngozi.

Vinoo huhesabiwa kwa namba. Namba ikiwa ndogo, chembe zake ni kubwa. Cha 1000 hufufua makali yaliyokufa, cha 4000 huondoa mikwaruzo, cha 8000 huyalainisha hata yafae usoni. Wembe hulazwa bapa juu ya kinoo kilicholowa maji, mgongo na makali vikigusa pamoja, ukasukumwa makali yakitangulia, pasipo kukandamiza. Katika ukanda mambo hugeuka: mgongo hutangulia na makali hufuata, la sivyo ngozi itakatwa. Kinoo ni cha mara chache; ukanda ni wa kila unyoapo.

Kijana alituuliza kama si heri wembe usiwe mkali sana, asije akajikata. Wanaoanza wengi huwaza hivyo. Tulimjibu ya kwamba wa kuogopwa ni ule butu. Mkali hupita kwa wepesi. Butu humlazimisha mtu kukandamiza, na mkono ukandamizao ndio ujeruhio.

Kisha uso huoshwa kwa maji ya moto, ukapakwa povu la sabuni. Ngozi huvutwa kwa mkono mmoja, na wembe huinuliwa kiasi cha digrii 30, ukifuata ndevu zilalavyo. Kamwe usiuburute kwa upande, kama mtu akataye mkate. Siku za kwanza yatosha kunyoa mashavu. Kidevu chenye mabonde kingoje mkono uzoee. Tena sisi wenye nywele za kipilipili tusiende kinyume cha ndevu, kwani unywele uliokatwa chini mno hujikunja ukarudi ndani ya ngozi, ukazaa vipele. Kazi ikiisha, wembe hukaushwa vizuri, usije ukaliwa na kutu.

Kijana hakuupata ustadi kwa siku moja, wala hatukumharakisha. Sasa anao wembe wake na ukanda wake, wala haji kuazima. Nanyi wazazi na walimu, kijana akililia wembe, mpeni ulio wake mwenyewe, kisha mketi naye penye kinoo.