Gari la Janaza na Subira ya Mchomeleaji

Wenye magari ya kupanda milima ya Kasulu na Kibondo wanaujua ugonjwa huu. Ganda la ekseli ya nyuma, yaani lile bomba nene linalofunika shafti na difu, hupata ufa pembeni ya kitako cha springi. Oili huanza kutoka kama jasho, na mwenye gari akipuuza, siku moja ekseli hukatika katikati ya njia akiwa na abiria. Gari la msikiti wetu hapa Mtabila ni Land Cruiser ambayo ilikwishatumika miaka mingi kabla ya kutolewa waqfu, nalo liliupata ugonjwa huo. Gari hilo ndilo linalobeba jeneza. Ndilo linalowapeleka masheikh vijijini kwa ajili ya daawa, na usiku wa mvua ndilo linalowakimbiza kina mama wajawazito hospitalini.

Si ajabu kwamba ufundi wa magari ya aina hii una mizizi katika ardhi hii. Kwa miaka mingi Mtabila ilikuwa kambi ya wakimbizi wa Burundi, hadi ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2012 na watu zaidi ya 30,000 wakarejea kwao. Leo eneo hilo lina kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa. Magari ya mashirika ya misaada yalipita katika udongo huu mwekundu kiangazi na masika, na yalipoharibika yalihitaji watu wa kuyatengeneza. Fundi tunayemzungumzia hapa ni mzee wa makamo, mtu wa maneno machache.

Lakini gari halikuanzia kwake. Kwanza lilipelekwa katika gereji moja ya mjini, ambayo hatuna haja ya kuitaja, kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu na kazi iliahidiwa kwisha siku hiyo hiyo. Kweli ilikwisha siku hiyo hiyo. Pleti nene ya chuma ililazwa mgongoni mwa ekseli, ikachomelewa mfululizo kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha ikamwagiwa maji ipoe upesi. Kwa macho ilipendeza. Haukupita muda mrefu tairi zote mbili za nyuma zikawa zimelika upande wa ndani, sili zikavuja, na beringi zikaanza kulia. Waumini wakaanza kuuliza fedha zao za sadaka zimekwenda wapi, na walikuwa na haki ya kuuliza.

Sababu yake haina siri. Chuma cha mita moja kikiongezewa joto la nyuzi 100 hurefuka kwa takriban milimita 1.2, na pale moto wa kuchomelea unapopita chuma huyeyuka kabisa, jambo linalohitaji joto la karibu nyuzi 1,500. Sehemu iliyopata moto hutaka kurefuka, lakini sehemu ya jirani ambayo bado ni baridi huibana, nayo hulazimika kuvimba hapo hapo ilipo. Inapopoa hunywea, ikawa fupi kuliko ilivyokuwa, na ufupi huo huvuta kila kilichoshikamana nayo. Pleti ikichomelewa mgongoni, mgongo hunywea na ncha mbili za ekseli huinuka. Magurudumu nayo hulaliana kwa juu, na tairi huanza kuliwa ndani. Uzito wa mizigo nao huipinda ekseli kuelekea upande huo huo, kwa hiyo mchomeleaji mwenye haraka huwa ameimalizia barabara kazi yake. Ama maji ya baridi juu ya chuma chekundu, hayo hukifanya chuma kiwe kigumu na chepesi kupasuka, na ufa mpya hujitokeza kando ya ule wa zamani.

Tulipokuwa chuoni tulisoma katika Surat Saba habari za Nabii Daud (a.s.), ambaye Allah (s.w.) alimlainishia chuma na kumwamuru atengeneze deraya na apime sawasawa uunganishaji wake. Baadhi ya wafasiri wa mwanzo walieleza kwamba kipimo hicho kilihusu misumari na pete zake. Msumari usiwe mwembamba ukachezacheza ndani ya pete, wala usiwe mnene ukaivunja. Wakati ule tuliipita tafsiri hiyo kama jambo la zamani la vita. Tulipokaa siku nne katika banda la fundi huyu, tuliona kuwa amri ya kupima ni amri ya kazi, na kwamba inamhusu hata mtu mwenye grenda mkononi.

Kwanza aliitoa ekseli yote chini ya gari. Akamwaga oili, akatoa shafti, beringi na sili, kisha akasugua kutu, rangi na mafuta mpaka chuma kikang'aa. Difu aliirudisha na kuikaza kwa boliti zake zote, ili uso wa ganda usipoteze unyoofu wakati wa moto. Kisha akapitisha uzi wa kuvulia samaki kutoka ncha hadi ncha na kupima. Upindaji ulikuwa milimita 4. Aliikata pleti ya zamani kwa grenda, na hapo akafanya jambo lililotushangaza sana: akapasha moto mstari mwembamba upande wa chini wa ekseli, akauacha upoe wenyewe, akapima, akarudia. Ule ule mnyweo ulioiharibu ekseli akautumia kuinyoosha.

Ufa aliutoboa tundu dogo kila mwisho wake ili usiendelee kutembea, akauchimba kwa grenda, akaujaza. Pleti mpya alizikata ncha zake mfano wa mdomo wa samaki, wala hakuchomelea kuzunguka bomba mwishoni mwa pleti, kwa kuwa mstari wa kukata bomba kwa upana ndio mahali ekseli huvunjikia. Aliifunga ekseli kwa klampu juu ya boriti nzito ya chuma, akashika pleti kwa nukta ndogo ndogo, kisha akaanza. Alichomelea sentimita 3 kulia mbele, sentimita 3 kushoto nyuma, halafu juu, halafu chini. Akiweka mikono kando, alisubiri mpaka chuma kiguswe kwa kiganja ndipo aendelee. Vijiti vya kuchomelea alivihifadhi katika kopo lililofunikwa karibu na jiko, maana unyevu wa masika ukiingia ndani yake hupanda mbegu ya ufa.

Siku ya pili ilikuja habari ya msiba kutoka kijiji cha mbali. Wazee wawili wa kamati walifika bandani wakitaka ekseli ifungwe jioni ile ile, wakisema maiti hasubirishwi, na dini inawaunga mkono katika hilo. Fundi aliwajibu kwa adabu.

"Wazee wangu, jeneza hilo litakwenda na watu kumi nyuma. Nikiharakisha, mtakuja kuniomba majeneza mengine."

Kamati ilikodi pikapu kwa fedha iliyochangwa baada ya sala ya Adhuhuri, na mazishi yakafanyika baada ya Alasiri. Mmoja wa wazee hao hakufurahi, na hadi leo anasema gari la waqfu halipaswi kulala wakati kuna maiti. Tunamheshimu, lakini hatukubaliani naye. Walio hai wanaopanda gari hilo nao ni amana.

Kijana mmoja wa madrasa yetu ndiye aliyekuwa akiandika vipimo kwa chaki ukutani. Mama yake alikuwa akimficha kwa majirani kwamba amekwenda kujifunza gereji, kana kwamba ufundi ni mahali wanapotupwa walioshindwa mitihani. Tungependa wazazi wanaosoma ukurasa huu wangeuona ule ukuta: safu baada ya safu ya milimita, na kijana akigombana na mwalimu wake juu ya nusu milimita.

Kipimo cha mwisho kilionyesha ekseli imenyooka. Gharama ilikuwa mara tatu ya ile ya gereji ya kwanza, na tuliisoma mbele ya waumini siku ya Ijumaa pamoja na vipimo vyake. Fundi ametutaka turudi baada ya safari chache ili akaze upya yuboliti za springi na kutazama kama oili ya difu ina vumbi la chuma. Tumeliandika hilo katika daftari la gari, na dereva ametia saini.