Nimesoma tena "Adili na Nduguze"

Juma hili siandiki juu ya feza ya shule wala juu ya kipindupindu. Naandika juu ya kitabu cha hadithi, kwa sababu kimeleta mazungumzo nyumbani kwangu ambayo huenda na nyumba yako inayahitaji.

Kitabu ni "Adili na Nduguze" cha Shaaban Robert, mwandishi wa Tanga aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki 1962. Kilitoka mwaka 1952. Nilikisoma mara ya kwanza nikiwa msichana wa miaka kumi na tatu katika kambi ya Nyarugusu, upande wa Kigoma, ambako wengi wetu wa Fizi tulikimbilia vita ya 1996. Masomo yetu kambini yalikuwa ya Kikongo, kwa Kifaransa, lakini vitabu vya Kiswahili vya Tanzania vilipita mkono kwa mkono. Hicho kilinifikia bila jalada.

Kwa ambaye hajakisoma: Adili ni mtawala wa Janibu, mtu wa haki. Mjumbe wa mfalme Rai anafika kwake, na usiku anamwona akiwapiga manyani wawili kwa mjeledi huku akilia. Manyani hao ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu. Zamani walimtosa baharini kwa wivu. Huria, binti wa majini, akawageuza umbo, akamwamuru Adili awapige kila usiku. Asipowapiga, atapigwa yeye.

Utotoni nilipenda sehemu moja kuliko zote: mji wa mawe. Adili anafika katika mji ambao watu wake wamegeuka mawe, kila mmoja pale alipokuwa. Aliye hai ni msichana mmoja tu, Mwelekevu. Mimi niliusoma mji ule kama kijiji chetu. Niliamini kwamba siku tulipokimbia kila kitu kilisimama: sufuria kwenye mafiga, mitumbwi ufukweni, mwembe wa babu na maembe yake mabichi. Siku tukirudi, vyote vingeamka na kuendelea.

Tulirudi kwa meli kutoka Kigoma mpaka Baraka. Hakuna kilichokuwa kimesimama. Mwembe ulikuwa umekatwa makaa, na shamba la marehemu baba lilikuwa limeuzwa. Aliyeliuza ni mdogo wake wa tumbo moja, aliyebaki nyuma. Tangu hapo nyumba zetu mbili zinasalimiana sokoni na kuchangia pamoja kwenye matanga. Mchana huwezi kujua kama kuna neno. Lakini jioni, sahani zikishaoshwa, jina lake linatajwa. Mama yangu anasema, wajukuu wanasikiliza.

Mwaka huu binti yangu ametimiza miaka kumi na mbili. Nikapata nakala nyingine ya kitabu, tukawa tunasoma kwa sauti kurasa chache kila jioni, mama akichambua maharagwe. Tulipofika kwenye mjeledi, binti akauliza: "Kumbe mchana Adili anawalisha, usiku anawapiga? Sasa yeye analala saa ngapi?"

Mama akacheka. Kisha akaacha maharagwe. "Halali," akasema. "Mtu wa namna hiyo halali."

Jioni ile jina la baba mdogo halikutajwa.

Nikiwa msichana nilitazama migongo ya Hasidi na Mwivu, nikaona fimbo zimewastahili. Sasa ninatazama mkono wa anayepiga. Adili hakukosa lolote, na bado ndiye anayeamka kila usiku.

Lakini tusikimbilie neno msamaha, maana wamama wengi hapa wamechoka kuambiwa wasamehe tu. Tazameni jinsi hadithi inavyofika huko. Mfalme Rai hamwambii Adili asahau. Anamwita mbele yake, anataka asimulie yote tangu urithi wa baba yao. Ukweli ukishasemwa wote, ndipo mfalme anapowatetea ndugu hao mpaka adhabu inakoma na wanarudia umbo la binadamu. Adili peke yake asingeweza. Alihitaji mtu wa kati anayesikiliza. Sisi Wabembe tunalijua jambo hilo, ndiyo maana wazee walikuwa na lubunga.

Habari ya shamba letu bado iko mbele ya wazee, na karatasi zake zinatafutwa. Hatujaliacha. Ila mama ameomba kitu kimoja: baba mdogo naye aitwe, aseme yake mbele yetu, mchana, watoto wakiwa shuleni.

Kama kikundi chenu kinataka kukisoma, nakala moja inatosha watu kumi na watano. Mmoja asome kwa sauti, wengine wachambue sombe. Kutwanga kungoje kwanza, kelele zitameza maneno. Kiswahili cha Tanga kina maneno mazito. Yaandikeni kwenye daftari, mkamwulize mwalimu aliye karibu. Watoto wakae karibu pia, na wakiuliza swali wasikatizwe.

Na ukiwa na kitabu hiki sandukuni, usikifiche. Mwazime jirani.